Kaseti ya Mama Yake Meng

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikifumba macho naiona yote. Nilikuwa Mbamba Bay, kijana mwenye nguvu zangu, dereva wa Land Rover ya mradi wa visima. Ilikuwa saa ya chakula. Wachina tuliokuwa tukifanya nao kazi walikuwa wamekaa chini ya turubai wanakula na kuongea kwa sauti ya juu, kama kawaida yao. Mmoja wao tu alikuwa amejitenga. Huyo ni fundi wa mtambo wa kuchimbia, tuliyekuwa tukimwita Meng. Alikaa juu ya jiwe karibu na maji, amenipa kisogo, sahani ya wali imewekwa pembeni haijaguswa. Alikuwa anaongea, na mbele yake hapakuwa na mtu, ni ziwa tu.

Kwanza nilidhani anasali. Kisha nikaona mikono yake inaonyesha huku na huku, anatikisa kichwa, anacheka kidogo, ananyamaza kama mtu anayemsubiri mwenzake ajibu. Nikaingiwa na hofu. Jua la ziwani lile linaweza kumpiga mgeni akaanza kuweweseka. Nikamfuata mkalimani wao, kijana aliyejifunza Kiswahili huko huko kwao na kukisema vizuri kama mtangazaji wa redio.

"Meng anaumwa?"

"Haumwi, ndugu."

"Sasa anasema nini pale?"

Mkalimani akatega sikio, kisha akainua mabega. "Sijui. Hata sisi hatumwelewi. Ile ni lugha ya kwao."

Jibu lile lilinishangaza sana, mwanangu. Mimi siku zote nilidhani Mchina ni Mchina, na wakikaa pamoja hakuna anayebaki peke yake. Kumbe mtu aweza kukaa katikati ya wenzake, wanakula chungu kimoja, wanavaa sare moja, na bado asiwe na hata mmoja wa kumwambia neno la nyumbani.

Siku chache baadaye nilitumwa kupandisha Mbinga kufuata mafuta, na Meng akaja nami kwa sababu kulikuwa na kipuri alichotaka kukichagua mwenyewe. Barabara ya wakati ule haikuwa hii lami mnayoteleza nayo leo. Ilikuwa ya udongo mwekundu, kona juu ya kona, gari linapanda linalia. Tulipofika milimani kwetu nikakuta akina mama wamebeba mahindi, nikasimama kuwasalimia. Waliponisikia nasema Kimatengo wakanitania kwamba nimekondeshwa na samaki wa Wanyasa wa ziwani. Tukacheka, nikawaaga, tukaendelea.

Meng alikuwa ananitazama. "Hiyo si Kiswahili," akasema.

"Siyo. Hicho ni Kimatengo. Lugha ya mama yangu."

"Mama yako yuko?"

"Yuko. Kijijini Ruanda, huku huku juu."

"Unaongea naye?"

"Nikienda."

"Unaenda lini?"

"Kazi ikipungua."

Akatazama mashamba yetu ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki. Nilipofikiri mazungumzo yamekwisha, akaanza kunieleza kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, cha kuokota hapa na pale, lakini siku ile kilimtosha.

Alisema yeye kwa kabila ni Mwachang. Kwao ni bonde lililoko mwisho kabisa wa nchi yao, kusini na magharibi, karibu na mpaka wa Burma. Wanalima mpunga, na wanaume wengi kijijini kwao ni wahunzi wa visu. Baba yake naye alikuwa mhunzi. Lugha yao inaitwa Kiachang. Lugha ya Waburma ng'ambo ya mpaka ni ndugu yake wa karibu, Kichina ni ndugu wa mbali sana, kiasi kwamba ukijua hiki husikii kile. Alijifunza Kichina shuleni, kama mimi nilivyojifunza Kiswahili. Akanifundisha kwamba kwao kitenzi kinangoja hadi mwisho: unataja wali kwanza, ndipo unasema umekula au hujala. Na kwamba neno moja ukilipandisha sauti ni kitu hiki, ukilishusha ni kitu kingine. Nilijaribu kumwigiza, akacheka mpaka akapangusa machozi. Sijui nilisema nini. Hakuniambia.

"Sasa si unaandika barua?" nikamwuliza.

"Naandika. Lakini lugha yetu sisi hatuiandiki. Mama hajui kusoma. Mwalimu wa kijiji anamsomea kwa Kichina, halafu anaandika majibu yake kwa Kichina." Akatafuta neno muda mrefu, kona nzima ikapita. "Kwenye barua mama yangu anaongea kama ofisi. Anasema, tunakutakia afya njema na mafanikio katika kazi. Mama yangu hawezi kusema hivyo. Mama yangu anasema, wewe, mbona shati lako limekunjwa."

Mimi nilikuwa na mama yangu umbali wa nusu siku, mwanangu, na nilikuwa sijamwona tangu mavuno. Nilichofanya ni kumwomba mkuu wa mradi ruhusa ya Jumapili, nikamwambia Meng tunakwenda kwetu.

Mama yangu, Agnela, Mungu amweke pema, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya jembe na maneno mengi. Kiswahili alikijua cha kanisani na cha sokoni, basi. Tulimkuta ametoka misa, amekaa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Meng akainama, akasema, "Shikamoo, Mama," kama nilivyomfundisha. Mama akaitikia marahaba, akamtazama juu hadi chini, kisha akaanza kumwongelesha kwa Kimatengo. Alimwuliza wazazi wake hawajambo, mvua kwao zimenyeshaje, kwa nini mashavu yameingia ndani namna ile.

Nikaingilia. "Mama, haelewi Kimatengo."

Hakunitazama hata. Akamwelekeza Meng kwenye kigoda, akamsogezea ungo. Meng akakaa, akaanza kuchambua maharage. Mama akaendelea na habari zake: kahawa mwaka huu imeliwa na wadudu, jirani amemwoza binti yake, goti linamsumbua kukiwa na baridi. Na Meng, bila mtu kumwambia, akamjibu kwa Kiachang. Alisema sentensi ndefu, taratibu, kwa ile sauti niliyomsikia nayo kule ziwani, ila sasa mbele yake kulikuwa na mtu. Mama akasikiliza, akaguna, akauliza tena. Meng akajibu tena.

Mimi nikacheka. Nikasema, "Mama, mnapoteza muda. Hakuna anayemsikia mwenzake hapa."

Ndipo aliponigeukia. Hakupandisha sauti, mama yangu akikukaripia alikuwa anaishusha. "Osmundi, ulipozaliwa ulikuwa unaelewa Kimatengo?"

"Hapana, mama."

"Mbona niliongea nawe? Nilikuwa nakubeba mgongoni shambani, naongea nawe kutwa. Watu hawakuniambia napoteza muda. Huyu ni mtoto wa mtu. Amekosa wa kuongea naye, na mimi masikio ninayo. Wewe nenda kalishe mbuzi."

Nikaenda kulisha mbuzi, mwanangu, na mwili wangu wa kijana mwenye mshahara. Nilipokuwa bandani nilikuwa nawasikia, sauti mbili zinapokezana, Kimatengo na Kiachang, maharage yanadondoka kwenye ungo. Niliporudi, Meng alikuwa amepata panga la mama, ananoa juu ya jiwe, anajaribu makali kwa kidole gumba, na bado anasimulia. Sijui alisimulia nini mchana ule. Labda habari za baba yake na visu. Tulipoondoka, mama alimfungia ndizi na maharage kwenye kanga, na njia nzima ya kushuka Meng aliimba.

Tangu hapo tulikuwa tukipanda kila tulipopata nafasi. Nami, kwa ajili ya mgeni, nikajikuta namwona mama yangu kuliko miaka yote tangu nianze kazi.

Msimu wa mvua ulipokaribia kwisha, ikaja barua kutoka kwao kupitia Dar es Salaam. Mkalimani ndiye aliyemkabidhi, na nilimwona akimshika bega. Mama yake Meng alikuwa amefariki. Alikuwa ameshazikwa siku nyingi kabla barua haijafika. Meng aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akarudi kwenye mtambo, akafanya kazi hadi jioni. Wenzake walimhurumia kweli, walimpikia, walikaa naye. Lakini walimpa pole kwa Kichina, nasi tulimpa kwa Kiswahili, na yeye aliitikia zote kwa kuinamisha kichwa. Siku zilizofuata sikumsikia tena akiongea kule kwenye jiwe. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Haukupita muda mrefu akaja fundi mpya kutoka China kubadilishana na mmoja aliyekuwa amemaliza muda wake. Katika mizigo yake alikuwa na kifurushi cha Meng, kilichokuwa kimezunguka maofisini huko kwao kikisubiri mtu wa kukileta. Ndani yake mlikuwa na kaseti. Mdogo wake alikuwa ameazima mashine ya kurekodia mjini, akaipeleka kijijini, akamrekodi mama yao akiwa bado mzima.

Meng alizunguka na kaseti ile mfukoni wiki nyingi. Tulikuwa na radio kaseti pale kambini, akitaka angeisikiliza saa yoyote. Hakuiweka. Siku moja nikamwuliza, akasema, "Nikisikiliza itakwisha. Halafu hakuna nyingine." Nikamwelewa. Baadaye, tukiwa ndani ya gari, akasema bila kunitazama, "Twende kwa Mama. Nitasikiliza kule."

Tukaenda Jumapili. Nilibeba radio, na betri nilizianika juani siku mbili ili zipate nguvu, maana miaka ile betri mpya ilikuwa ni kitu cha kubahatisha, sawa na sukari na sabuni. Nilikuwa nimemweleza mama mapema kwamba mama wa huyu kijana amefariki na sauti yake imo mle. Mama akavaa kitenge chake cha kanisani. Akafagia uwanja. Akatandika mkeka barazani, akaweka radio katikati kama mtu anayemkaribisha mgeni, kisha akakaa upande mmoja na Meng upande wa pili. Mimi nikaegemea nguzo.

Meng alibonyeza. Kwanza ulikuja mkwaruzo, kisha jogoo akawika, kisha kijana mmoja akanong'ona kitu. Halafu mwanamke mzee akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kavu kidogo, yenye haraka. Alikuwa kama anamgombeza mtu, nafikiri alikuwa anaigombeza mashine. Meng akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikujua anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua.

Mwanamke yule aliongea. Aliposimama kuvuta pumzi, mama yangu aliguna, "Eee," kama tunavyomwitikia mtu anayesimulia. Akaendelea, mama akaitikia tena. Ungesema wanaongea wao wawili juu ya mtoto wao.

Katikati ya maneno, sauti ikaanza kuvutika. Ikawa nzito, ya chini, kama ya mwanamume mgonjwa. Betri zilikuwa zinakufa. Meng akaizima haraka, uso umemwisha damu. Aliogopa kanda isije ikasokotwa ndani ikakatika. Duka la karibu halikuwa na betri, na la Mbinga lisingekuwa wazi Jumapili.

Mama akaniambia, "Nenda kwa katekista."

Katekista wetu, mzee Ndunguru, alikuwa jirani, na alikuwa na redio ambayo hakumruhusu mtu kuigusa, hata mkewe, kwa sababu jioni alikuwa anasikilizia matangazo ya vifo na taarifa ya habari. Nilimkuta anapumzika. Nikamweleza kwa ufupi: kuna mtu kwetu anamsikiliza mama yake aliyefariki, na betri zimekwisha. Mzee yule hakuuliza ni nani wala wa dini gani. Aliingia ndani, akarudi akiwa ameshafungua kifuniko cha redio yake, akazitoa betri moja moja akaniwekea viganjani. "Kimbia," akasema. Kisha akaja nyuma yangu, taratibu, na fimbo yake.

Tukaweka betri zile. Sauti ikarudi kama ilivyokuwa, ya mama mzee mwenye haraka. Sasa tulikuwa wanne pale barazani, wote kimya, tunamsikiliza mwanamke wa bonde ambalo hatutalifikia kamwe. Kuna maneno mawili matatu aliyarudia mara nyingi, kwa namna moja, sauti inapanda mwishoni. Kisha akanyamaza. Jogoo akawika tena. Kanda ikazunguka tupu kidogo, ikasimama yenyewe.

Mzee katekista akafanya ishara ya msalaba. Mama yangu akauliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Amesema nini mama yako?"

Meng akajibu. "Ng'ombe amezaa. Mdogo wangu anataka kuoa, yeye hamtaki yule msichana. Paa linavuja. Na anauliza. Kila mara anauliza, umekula? Kwetu ndiyo salamu. Anauliza, ananyamaza, anangoja nijibu. Alidhani nitaweza kumjibu."

Mama aliposikia hivyo akasogea karibu na radio. Akainama juu yake kama anavyoinama mtu mlangoni mwa mgonjwa, akasema kwa Kimatengo, polepole, neno moja moja, "Mama mwenzangu, amekula. Amekula hapa kwangu. Usiwe na wasiwasi naye."

Meng hakuhitaji nimtafsirie. Akajilaza pale pale mkekani, kichwa karibu na magoti ya mama yangu, akalia kama anavyolia mtoto, kwa sauti, bila haya. Na katikati ya kilio akaanza kusema Kiachang. Alikuwa anamjibu mama yake. Mama yangu akamwekea mkono kichwani, akaitikia, "Eee, eee," mpaka alipomaliza.

Mwaka uliofuata mradi ulikwisha na Meng akarudi kwao. Tuliagana Songea kwenye kituo cha mabasi, akanipa kisu alichokuwa amekitengeneza mwenyewe kutoka chuma cha spring ya gari. Barua zake zilikuja mbili, kwa Kiswahili, kisha hazikuja tena. Sijui kama yu hai. Mjukuu wangu alinitafutia habari za Kiachang kwenye simu yake. Akanisomea kwamba kimo katika ukoo wa lugha unaoitwa wa Kitibeti na Kiburma, kwamba wasemaji wake ni wachache, na kwamba watoto wengi wa huko sasa wanaanzia Kichina. Nikamwuliza, humo ndani ya simu hakuna mtu anayeitwa Meng? Akacheka, akasema, babu, Meng ni wengi mno.

Mama yangu naye amekwenda. Siku hizi nakaa Mbinga mjini kwa kijana wangu wa kumzaa, nyumba nzuri, ina maji na umeme. Mkwe wangu ni mtumishi wa serikali kutoka Singida, mtoto mzuri sana, wajukuu wanaongea Kiswahili kitupu, nami naongea nao hicho hicho. Sina manung'uniko. Lakini ipo saa, hasa asubuhi kabla ukungu haujaondoka, natamani mtu anigombeze kwa Kimatengo. Natamani kuitwa kama nilivyokuwa naitwa kutoka shambani, jina limevutwa mwishoni hadi linavuka bonde. Hamna tena mtu duniani anayejua kuniita vile. Wote walionifahamu nikiwa mtoto wamelala makaburini Ruanda.

Basi sikiliza ninachokuambia, mwanangu, maana sikukusimulia haya ili kupitisha muda tu. Ikiwa mama yako yu hai, mpigie, na akianza na lugha yake usimkatishe kwa Kiswahili ili mmalize haraka. Mjibu kwa ile ile, hata ikiwa unajikwaa, hata akikucheka. Ukipata mtoto, mwongeleshe kwa lugha ya kwenu kuanzia siku ya kwanza, usingoje aelewe. Ataelewa kwa sababu uliongea. Mkeo akiwa wa kwingine, mwache naye aongee ya kwao. Nyumba haijai maneno. Na ukikutana na mtu aliyeletwa na kazi mbali na watu wake, mwalimu, nesi, askari, fundi, usimhesabu kuwa ana wenzake kwa kuwa umemwona kwenye kundi. Mwulize kwao wanasemaje. Kaa chini umsikilize, japo hushiki hata neno. Ndiyo kazi niliyomwona mama yangu akiifanya, na sijaona kubwa kuliko hiyo.

Mungu akutunzie wazee wako, akuachie sauti zao masikioni muda mrefu. Akufikishe unakokwenda na akurudishe ukiwa mzima. Na popote riziki itakapokupeleka, akupe baraza moja la watu wenye subira, utakapokaa na kusema yote uliyo nayo moyoni bila kutafuta maneno. Nenda salama, mwanangu.